Uwanja wa Watoto wa Cité Turquoise

Goma, Februari 2022

Yaya Kaswera mpendwa,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango wa chumba. Soma barua hii peke yako, na hata Baharanyi asiione kwanza. Shemeji namheshimu sana, lakini unajua mwenyewe kwamba kila kinachoingia mkononi mwake kinaingia pia katika kundi la WhatsApp la familia, na kutoka hapo kinafika Beni na Kampala kabla chai haijapoa. Neno moja la humu likitembea, nimekwisha. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumkabidhi Adalbert, yule dereva wa Fuso, ambaye ameniapia kwamba atakupa wewe tu. Simu ninayotumia ni ya ofisi.

Baada ya ombi hilo nakusalimu kwa moyo wote. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Butembo. Magoti ya mama yanasemaje na baridi ya sasa? Na Asifiwe, kikohozi kimemwacha? Katika ile picha mliyonitumia naona amerefuka, na jino la mbele limetoka. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Asali mliyonitumia ilifika salama, wasingya sana, asanteni. Mimi mwilini ni mzima. Kuhusu mengine, utajua ukifika mwisho.

Hujawahi kuniuliza vizuri juu ya kazi yangu, nami sikuwahi kukueleza vizuri. Unajua kwamba tangu mlima ulipotapika moto mwaka jana, watu wenye uwezo hawataki tena kujenga kaskazini mwa mji. Monsieur Damascène, patron wetu, aliliona hilo mapema. Alinunua ardhi upande wa magharibi, karibu na ziwa, akachoresha mji mzima ambao wakati huo haukuwapo: lango lenye walinzi, barabara pana, taa za jua, shule, kanisa dogo, na kila nyumba na bustani yake. Ofisini tuna mfano wa mji huo, umetengenezwa kwa mbao na karatasi ngumu na kufunikwa kwa kioo. Mteja akiinama juu yake anajisikia kama Mungu siku ya sita. Juu ya kioo pameandikwa Cité Turquoise.

Washindani wetu hawako Goma. Wako Bukavu, ambako kuna watu wengine wanaojenga Cité Mille-Fleurs juu ya kilima. Wateja tunaogombania ni hao hao, wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanaotaka nyumba moja nzuri mahali penye ziwa. Unajua miji hii miwili inavyotaniana. Wa Bukavu wanasema sisi wa Goma tunalala juu ya jiko, nasi tunawaambia wao wanaishi kwenye ngazi, mtoto akidondosha mpira asubuhi anaufuata mpaka jioni. Monsieur Damascène hakucheka na utani huo. Aliniita akasema kwamba kwa kuwa nimesoma na naandika bila makosa, nitatengeneza kitabu kidogo cha kulinganisha cité hizi mbili. Niende nikaone zote kwa macho yangu, niandike ukweli mtupu, ila mwishowe ukweli huo uipe Goma ushindi.

Basi nilipanda boti nikaenda Bukavu. Kule nilipokelewa na binti wa rika langu aitwaye Charline. Nilijitambulisha kama mteja, lakini nadhani alijua tangu mwanzo, kwa sababu alinikaribisha kwa kusema mutoto wa Goma amekuja kutupima kilo. Alinitembeza kwenye matope mpaka viatu vyangu vikawa na uzito wa matofali. Barabara zao ni nyembamba kuliko zetu, nyumba zimebanana, na hakuna mahali tambarare pa kutosha hata kupiga danadana. Ila maji yanafika kila nyumba, na miti waliiacha. Tulipofika kwenye mteremko mmoja uliokuwa mzuri kuliko yote, unaotazama ziwa lote, nilimuuliza kwa nini hapo hapana parseli, kiwanja cha kuuza. Charline alisema udongo wa hapo unatembea, mvua ikija unashuka, kwa hiyo hapauzwi, na hata katika makaratasi yao wamepapaka rangi nyekundu. Akaongeza kwamba patron wao karibu alie kwa kupoteza mahali hapo, lakini mama yake Charline alizikwa na udongo wa namna hiyo, na Charline mwenyewe aliapa hataketi katika ofisi itakayouza pale.

Yaya, unajua nilifikiri nini wakati huo? Nilifikiri: mjinga huyu, ananipa fimbo ya kumpigia. Nilikunywa chai yake, nikala beignets zake, na niliporudi nikaandika kwamba Bukavu ardhi inatembea. Upande wa pili wa ukurasa nikaandika juu ya Goma: barabara pana, mawe imara ambayo hayasogei, na, katikati ya cité, uwanja wa watoto katika bonde dogo la majani mabichi, lililokingwa na upepo, lenye hewa baridi kila asubuhi. Sentensi hiyo ni yangu. Monsieur Damascène aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote akasema Wivine atatuuzia hata mlima wenyewe.

Kitabu kilifika Butembo kabla sijawaambia neno. Nilisikia kwamba shemeji alikisoma kanisani baada ya misa, na kwamba wewe uliweka kidole kwenye parseli inayotazama uwanja ukasema hapa, ili nikiwa jikoni nimwone mutoto wangu akicheza. Sisi watu wa vilima tukiona mahali tambarare pa kijani tunaona baraka. Mlikuwa mmekwisha kuchagua Bukavu, Baharanyi mwenyewe aliniambia. Ni kitabu changu kilichowageuza. Kisha ukanipigia simu. Uliniuliza kama nimefika mimi mwenyewe, kama ni pazuri kweli. Nikajibu ndiyo, yaya, ni pazuri. Ukacheka ukasema sasa unaweza kulala.

Sasa naandika kile ambacho kalamu imekuwa ikikikwepa tangu mwanzo.

Kwenu Butembo hamna kitu kinachoitwa mazuku. Hapa kila mtu anakijua, kuanzia mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza hadi daktari. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito, kwa hiyo haipandi, inalala katika mashimo na mabonde kama maji katika bakuli, hasa asubuhi kabla jua na upepo havijaitawanya. Mtu mzima anaweza kupita katikati yake akipiga soga, kwa sababu kichwa chake kiko juu. Mbuzi hapiti. Mtu aliyeinama kuokota kitu huenda asiinuke. Na mtoto, yaya, mtoto wa kimo cha Asifiwe yuko ndani yake mzima, kama aliyetumbukizwa ziwani, na hakuna anayesikia kelele kwa kuwa hapigi kelele. Anasinzia.

Kabla sijaiandika ile sentensi ya uwanja, nilikwenda kuliona lile bonde pamoja na Sibomana, mpimaji wetu wa ardhi. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Sibomana alichuchumaa kupigilia kigingi, na kama kawaida yake akatoa sigara ili aivute akiwa hapo hapo chini. Kiberiti hakikuwaka. Akachukua njiti nyingine, ikazima kabla haijafika kwenye sigara. Akaanza kulaani Wachina wote, akasema siku hizi hata moto wanauza feki. Mimi nilicheka sana, nikamwambia labda moto wenyewe umegoma kuvuta sigara. Kisha akasimama kunionyesha, akawasha njiti nyingine ya kiberiti kile kile cha feki juu, mbele ya uso wake, nayo ikawaka vizuri kabisa. Akaishusha polepole. Ilipofika magotini ikazima, kama mtu amepuliza.

Hatukucheka tena. Kwenye majani karibu na kigingi niliona shomoro amelala na mabawa yamefungwa vizuri, na panzi wengi wakavu. Sibomana alinishika mkono tukapanda juu. Huko juu alivuta sigara yake mpaka mwisho, akaniambia ana watoto na kodi ya nyumba, na kwamba hakuona kitu, na kwamba mimi pia sikuona.

Niliona. Nikaenda nikamwambia Monsieur Damascène, hilo nalo ni kweli, usinifikirie vibaya kuliko nilivyo. Alinisikiliza kwa upole. Alisema mazuku ni maneno ya wauza samaki, na kwamba kila mji una kifo chake, Bukavu wana udongo, sisi tuna hewa, lakini hakuna anayeacha kujenga. Alisema bonde lile haliwezi kubeba nyumba, basi liwe uwanja, na baadaye wateja wakishahamia litajazwa udongo. Aliponiona nimesimama bado, aliniuliza kama nakumbuka ni nani alimtoa kaka wa Sibomana katika cachot, ile selo ya polisi, na kama nadhani mtu anayeweza kumtoa mtu hawezi kumwingiza. Kisha akaniambia nikamalizie kitabu.

Nikaenda nikaandika hewa baridi kila asubuhi. Sikuitunga. Ni baridi kweli. Niliisikia kwenye vifundo vya miguu.

Nilijidanganya kwamba watajaza udongo. Lakini nyumba za kwanza zimekwisha kujengwa, mabembea yameletwa, yamepakwa rangi ya buluu, na udongo haujaja. Jumapili iliyopita, badala ya kwenda misa, nilirarua kile kikwembe chekundu, kitenge ulichonipa nilipomaliza masomo, nikafunga vipande kwenye fito na kuzisimika kuzunguka bonde, kama wakulima wanavyofanya hapa ili wachungaji wasishushe mifugo. Kesho yake walinzi walikuwa wamezing'oa zote. Monsieur Damascène aliweka vipande mezani kwangu akanituma niandike tangazo la kumtafuta adui wa kampuni aliyeingia usiku. Nililiandika. Bila makosa. Wakati naandika, Sibomana alikuwa anatazama kile kitambaa, kisha ananitazama mimi, kwa kuwa ameniona nimekivaa ofisini mara nyingi siku za Ijumaa. Tangu hapo sijalala chumbani kwangu, na kazini sijarudi.

Yaya, mmesema mtahama mwisho wa mwezi huu. Msije. Kama vitu vimekwisha kupakiwa, vishusheni. Nyumba nendeni mkanunue Bukavu kwenye barabara nyembamba, kwa yule binti ambaye nilimwita mjinga. Mweleze umetumwa na mutoto wa Goma, naye atakuonyesha mahali pasipouzwa kabla ya mahali panapouzwa.

Nilianza kwa kukuomba siri, na nilipoanza niliamini kwamba kukuokoa wewe kunatosha. Lakini wakati naandika juu ya Asifiwe nimewafikiria wale wengine waliosikia Baharanyi akisoma kanisani. Nao wana jikoni, na watoto watakaoonekana kwenye dirisha. Kwa hiyo nabadilisha ombi langu. Jina langu lifiche. Shimo usilifiche. Mwambie Baharanyi, na safari hii mwache aliweke katika makundi yake yote, kwa sauti kubwa kama alivyosoma kitabu. Aseme tu kwamba mtu aende pale asubuhi na kiberiti. Ikiwa Monsieur Damascène atajua ni nani aliyesema, basi ajue. Naogopa sana, sitakudanganya tena. Lakini lile neno ndiyo nililokujibu kwenye simu linaniamsha zaidi kuliko woga.

Msalimie mama, usimweleze kitu kabla ya kumpa kiti. Wasalimie wote wa nyumbani na jirani zetu wa parokia. Asifiwe mbebe kidogo kwa niaba yangu, juu, begani.

Ukitaka kunijibu, usipige simu na usitume ujumbe. Mpe Adalbert barua au neno la mdomo. Akishapita Rumangabo na Kibumba na kuingia mjini, asije upande wa ofisi, ashuke moja kwa moja mtaa wa Mabanga. Aulize mahali Mama Mukamazimpaka anapouza kabichi za Kibumba. Kila mtu atamwonyesha. Mama huyo ataapa kwamba hamjui Wivine yeyote, na anaweza hata kumfukuza na ufagio. Asibishane naye. Anunue kabichi moja, na wakati wa kuipokea aseme ni ya Asifiwe. Jina hilo nimempa yeye peke yake. Akilisikia atamwonyesha mlango wa nyuma, nami nitakuwa ndani. Hata kama neno utakalotuma ni la hasira, litume tu, nitafungua.

Mdogo wako,
Wivine