Siku Dada Alipoondoka na Treni

Mjukuu wangu Zubeda,

Huku Oli, mjini Arua, tuko wazima, na baba yako amemaliza kuvuna simsim. Unaniuliza kama umechelewa kumwomba dada yako msamaha.

Miaka ya sabini, mimi na dada yangu Amina tulikaa Kampala kwa mjomba, karibu na hiyo stesheni ndogo unayopandia treni. Siku moja nilimtukana, akaamua kurudi kwetu Arua, kwa treni kisha basi. Nilimfuata, lakini kwa aibu nikajificha nyuma ya ukuta wa stesheni.

Karani wa tiketi akaniuliza, “Wewe nangoja nini? Treni iko naenda!”

Nikakimbia kando ya mabehewa nikipiga kelele, “Dada, mimi nakosa! Samehe mimi!”

Hakugeuka. Treni ikapotea, nikabaki kwenye benchi nikilia.

Jioni nikamwona anakuja kwa miguu kando ya reli, viatu mkononi. Alikuwa ameshuka stesheni iliyofuata.

“Wewe iko na sauti kubwa,” akasema, akanishika mkono.

Nakukumbatia,
Bibi yako Halima