Babu Yetu Chini ya Duka

Muscat, Jumatano (kwa simu)

Kaka Masanja,

Mwangaluka. Natumaini hamjambo wewe, wifi na watoto, na kwamba miguu ya mama imeacha kuvimba. Mimi mwili mzima. Bado nafua mashuka ya hoteli, na dawa zimenichuna vidole. Moyo ndio unaouma, na maumivu yenyewe yametoka kwako.

Juzi binti wa shangazi alinitumia kwa simu kurasa za kijitabu cha kijana mmoja wa hapo Bariadi, kuhusu mambo ya mji ambayo hata wenyeji hawayajui. Mengine yalinichekesha. Kisha nikafika pale anapoeleza kwamba zamani mwenye kaya alizikwa ndani ya zizi lake, amefungwa kwenye ngozi mbichi ya dume, halafu ng'ombe wakapitishwa juu mpaka udongo ukawa sawa. Anasema mmoja wao yuko chini ya duka la saruji karibu na stendi. Amemwita "mtu asiyejulikana."

Dada wa Tanga ninayekaa naye chumba kimoja alisoma akichungulia juu ya bega langu, akauliza kama kwetu watu wanazikwa kwenye mavi ya ng'ombe. Akacheka. Kaka, nami nilicheka naye, na nimejionea haya tangu siku hiyo.

Nikampigia mwandishi. Akaniambia alikuja kwako kwanza, kwa kuwa kiwanja kilikuwa chetu, nawe ukamjibu, "Hilo lilikuwa zizi tu. Huyo marehemu simfahamu." Humfahamu Babu Luhende? Mwanao wa kwanza umempa jina la nani? Najua unachoogopa. Ulimuuzia mwenye duka zizi bila kumwambia kuna mtu ndani, ukijua kaburi la zizini halina msalaba wala jiwe la kukusuta. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, na yako imeishia dukani.

Kijitabu kitachapwa upya baada ya msimu wa pamba. Jina la babu lisipoingia sasa, wajukuu zetu watasoma hivyo hivyo. Sitakubali, hata kama tutaacha kusemezana.

Nisalimie mama pale Dutwa, umsomee barua hii yote bila kuruka. Msalimie shangazi yetu wa Sola, na mjomba mwalimu wa Ipililo. Wifi asinichukie, hili si lake.

Nimeshampa mwandishi jina la babu. Anasema jina peke yake halitoshi, anataka na mahali penyewe. Jumamosi atafika kwako pamoja na mwenye duka. Uwaonyeshe. Mimi nilikuwa mtoto, tulikatazwa kusogelea zizi siku ile. Wewe ndiye uliyemshika miguu alipokuwa anashushwa.

Mdogo wako,
Kabula