Sikumpakulia Déo

Yaya,

Dada yangu, koti lako la bluu analivaa Mama Charlotte. Nianze na hilo kwa sababu najua ndilo litakalokuuma kuliko yote. Kila wifi yako huyo alipokuja kutoka Pinetown ulikuwa unalificha chini ya godoro la mtoto, asije akaliomba. Sasa hakuna wa kuombwa. Analivaa kanisani, mabega yamembana, vifungo havifungi, na anatembea nalo hivyo hivyo. Viatu vyako pia amebeba, ingawa mguu wake hauingii, eti vitapata mtu. Kufa kufaana.

Watu hawakulia sana, kama ulitaka kujua. Siku ya maziko walijiangusha vizuri, kila mtu akaona, halafu wakauliza chakula kiko wapi. Kilikuwa chakula kibaya. Mpishi wao alikuwa ndani ya sanduku.

Mimi sikulia kabisa. Nilikuwa na hasira na wewe, na hasira ilinikausha macho. Bado ninayo. Nakuandikia kwa sababu hapa Durban kila ninayemwambia mambo haya ananiambia Neema, nyamaza, marehemu hasemwi. Basi sikusemi kwa watu. Nakuambia mwenyewe.

Unakumbuka vuli ya mwaka jana, ile ya huku ya mwezi wa nne, joto lilipoanza kulegea na matufaha ya Cape yakajaa sokoni? Ulikuwa umekaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, kikohozi kimekushika, na kijiko cha mbao mkononi. Ulikuwa umeshaacha kazi kwenye ile nyumba ya wageni hapo Berea, lakini chakula chao cha vuli hukukiacha. Zile chops za nguruwe, vipande vinene vyenye mfupa, unavipasua tumbo na kuvijaza matunda. Wakongomani wote wa mtaa wetu waliijua nyama hiyo. Mwaka huo ukasema mikono yako imechoka, nipike mimi, wewe utatazama.

Kutazama gani. Ulinipiga na kile kijiko kwenye vifundo vya vidole. Kisu kidogo, siyo hicho, unachinja ng'ombe? Ingia upande wa mafuta, nenda mpaka ncha iguse mfupa, simama hapo. Nilipotoboa kipande cha kwanza hadi upande wa pili ulikitupa kwenye ndoo mbele ya macho yangu, nyama nzima, sisi tuliolelewa kwa dagaa. Aprikoti kavu zilowe kwenye chai ya moto mpaka zilainike. Kitunguu kitoke jasho ndani ya siagi, kisibadilike rangi. Tufaha likatwe na ganda lake. Plamu zichanwe kwa vidole. Mkate wa jana uvurugwe humo. Usishindilie, matunda yanavimba, yatapasua. Funga kwa vijiti vya meno, kaanga pande zote mbili, kisha oveni. Ikitoka, iache ipumzike. Mimi nilikuwa sitaki kungoja, na wewe ukasema, "Unapika kama mtu anayefukuzwa."

Na katikati ya mafunzo yote, Déo. Déo hapendi plamu nyingi. Déo mpe ile yenye mafuta pembeni. Mchuzi ukizidi Déo anaacha. Nilidhani ni mapenzi ya mtu kwa bwana yake. Nilidhani unanifundisha ili nijitegemee, nitoke salon, labda nichukue nafasi yako kule kwa wageni. Nilifurahi, Yaya. Nilikuwa nafika kusuka watu na vidole vinanuka kitunguu, nawaambia wateja, huyu ni dada yangu, ananifundisha. Ukaanza kunituma nimuogeshe mwanao Grâce. Ukaanza kunituma nipige pasi mashati ya Déo, kwa kuwa wewe umechoka. Nikapiga. Mjinga mimi, nikapiga mpaka kola.

Kumbe ulikuwa unanipima nguo yako.

Nilielewa pale hospitali, nilipokuwa nimechelewa tayari. Uliita watu wote: Déo, Mama Charlotte, pasta. Ukakamata mkono wangu, mimi nikadhani unaniaga. Ukauweka juu ya mkono wa Déo. "Nyumba yangu isibaki tupu. Neema yuko." Hukunitazama. Na Eric ulimjua, yule Mrundi wa duka la simu. Alishakula kwako mara ngapi? Ulijua kwamba mwezi ule ule alikuwa anakuja na wazee wake kujitambulisha. Ulishachagua mpaka kitambaa cha meza. Halafu ukafumba macho, ukaniachia mkono ukiwa juu ya mkono wa mwanaume wako, na jasho lake lilikuwa baridi.

Eric hakungoja. Aliniambia hawezi kushindana na marehemu. Hata hakunisindikiza kwenye taxi, alibaki pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, anaangalia simu. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Uongo mtupu. Wewe hukuwepo, na lako lilikuwepo kuliko letu sisi wote.

Basi vuli ikarudi. Mama Charlotte akapanga siku ya kutoa deuil, Déo avue nguo nyeusi, watu wale, matanga yaishe. Akasema lazima iwe nyama yako. "Tutaonja kama mkono ni ule ule," alisema, na akacheka na wanawake wenzake. Kisha akanifuata jikoni peke yangu. Huko hakucheka. Aliniambia, "Ukimkataa baba, umemkataa na mtoto." Grâce alikuwa amekaa chini karibu na miguu yetu anachezea maganda ya matufaha.

Unajua ile ya sahani, maana wewe ndiye uliyenisimulia. Siku ya kutoa deuil mfiwa hajipakulii. Mwanamke anayemwekea sahani yake mbele ya wazee amekubali, hakuna tena cha kuulizana. Ulinisimulia habari ya binamu yetu wa Uvira, aliyekuwa anasaidia tu kwa roho nzuri. "Alipakua nyama, kesho yake bibi ya mtu." Ulicheka mpaka kikohozi kikakukamata, na mimi nikakupigapiga mgongo.

Nilipika tangu asubuhi. Sitakudanganya, nilifikiria kuiharibu. Nilishika pakiti ya chumvi nikasimama nayo. Wangesema mkono siyo ule, wangeniacha. Lakini ningekuwa nimekimbia kama mwizi, na nyama yenyewe haikunikosea kitu. Nikairudisha chumvi mahali pake. Nikapika kama ulivyonipiga nipike.

Na nikwambie, ilikuwa nzuri kuliko yako. Yako ilikuwa inakauka karibu na mfupa. Hakuna aliyewahi kukuambia kwa sababu ya mdomo wako. Mimi niliweka juisi ya tufaha chini ya trei, nikafunika, ikatoka laini mpaka pasta akanyonya mfupa. Mama Charlotte alisema mbele ya watu wote, "Huu mkono umepita wa mwenyewe." Wenzake wakaitikia. Umekufa, na meza nzima imekusahau kwa tonge la kwanza.

Nilikuwa nimepakulia wazee, nimepakulia pasta, nimepakulia wanawake, nimempakulia Grâce. Sahani ya Déo ilibaki nyeupe mbele yake. Alikaa na shati jipya, mikono juu ya magoti, kama mtoto anayesubiri kupewa dawa. Watu wakaanza kutafuna polepole, wananitazama. Nilimtazama Grâce, akaniinulia kidole gumba, ana sosi mpaka kwenye shavu.

Nikachukua sahani nyingine. Nikaweka kipande kilichoungua kidogo pembeni, plamu nyingi, mchuzi mwingi, jinsi ulivyopenda wewe. Nikaiweka upande wa Déo, mbele ya kiti kitupu. Nikamwambia, "Shemeji, mke wako nimempakulia. Wewe jipakulie."

Nilitaka kukuaibisha. Sikuwaza kingine. Nilitaka waone walichokuwa wananiomba, kwamba bado uko pale umekaa, hata kiti chako hakijapoa, na mimi nikalie mapaja yako. Mama Charlotte alisema nimemtukana marehemu mezani pake. Pasta alikohoa. Mzee mmoja akaomba maji. Hakuna aliyenitetea. Unajua alifanya nini, bwana yako? Aliangalia uma. Akaangalia trei. Akajipakulia vipande viwili, vyote vyenye mafuta pembeni. Alikuwa na njaa.

Asubuhi yake wakamchukua Grâce, niliyekuwa nalala naye tangu uondoke. Mama Charlotte hatishii bure. Walifunga nguo zake kwenye ule mfuko wa sokoni, na mtoto hakulia, aliuliza kitu kimoja tu: "Na nani atanisuka?" Nilijibu nitakusuka mimi. Nilijibu bila kujua kama ni kweli. Ndicho ulichonifanyia, Yaya. Ulimtoa mwanao ukamfunga kwenye ndoano, ukijua nampenda, ukijua nitameza. Sikumeza, na yeye ndiye aliyechanika.

Sasa sikia mengine. Déo alihamia kule kule Pinetown kwa dada yake, sasa anapanda taxi mbili kufika kazini kwake, ghalani Mobeni. Matufaha yalikuwa bado hayajaisha sokoni, akaoa. Msichana wa kanisa jipya la Mama Charlotte, alilohamia juzi tu, mpole, ana meno mazuri. Kuta ziliachwa, lakini nyumba yako ambayo haikutakiwa kubaki tupu ilijaa haraka kuliko pipa la mvua. Uliniuza bure. Na bibi mpya hali nguruwe. Kanisa lao linakataza. Hataki hata chombo kilichopikiwa nguruwe, kwa hiyo Déo alikusanya trei zako, kile kisu kidogo, mpaka kijiko cha mbao, akaniletea salon ndani ya plastiki mbili. Alisimama mlangoni akauliza kama niko sawa. Nikamwambia iko sawa, shemeji, weka hapo chini.

Siku hiyo hiyo nikamwambia nywele za Grâce zimekuwa kichaka. Eish, aliona haya. Sasa Jumamosi anamleta, anamwacha, anarudi kumchukua jioni. Bibi mpya hajui kusuka, na mimi simlipishi. Namsuka mpaka mchana, kisha tunapanda kwenye chumba changu. Nimepanga kwa mama mmoja wa Bukavu, jiko tunachangia, oveni mlango wake nafunga kwa kamba.

Jumamosi ya kwanza aliomba ile nyama. Matufaha yalikuwa ya mwisho mwisho, yamelegea, lakini nikapika. Alikaa juu ya ndoo akanitazama nikipasua. Nilitaka kumpiga vidole pale aliposhindilia matunda. Kijiko kilikuwa mkononi kabisa, chako kile. Nikakiweka chini.

Nikapakua sahani mbili. Akazitazama, hakugusa yake. Akaniuliza, "Na ya Mama?"

Nikamuuliza ipi. Akanieleza kama mtu anayemweleza mjinga: ile siku ya wageni nilikupakulia wewe kabla ya Baba, ukapata plamu nyingi. Akasema nyumbani kwa Shangazi hawakupakulii. Alimwambia bibi mpya akaambiwa wafu hawali. "Lakini wewe ulimwekea," alisema.

Yaya, nilikupakulia kwa chuki. Chuki tupu, sikutia hata chumvi ya huruma. Na katika meza nzima ile, mtu mmoja aliona upendo, na ni yule mdogo niliyempoteza kwa ajili ya sahani hiyo hiyo. Ningemwambia nini? Nikaenda nikakuletea sahani. Kipande kilichoungua, plamu nyingi. Akala yake, kisha akavuta na yako akaimaliza, akasema umeshiba. Nikalia hapo. Ndiyo, ulinipata. Nililia mbele ya mtoto mpaka mama wa Bukavu akagonga ukuta.

Akimaliza namsukutua mdomo na kumpa chungwa, ili Pinetown wasinuse. Anajua asiseme. Mwanao amejifunza kuficha chakula kama wewe ulivyoficha koti.

Sikusamehi. Usije ukasimama kwenye ndoto zangu na blanketi lako ukidhani mambo yamekwisha. Makaburini siji, maua sileti, na wakinizika huku wasinilaze karibu yako. Lakini nakuahidi hili moja. Nitamfundisha yote, kisu kidogo, aprikoti kwenye chai, kuiacha ipumzike, bila kijiko kwenye vidole. Na muda wote Grâce atakapokuwa anakula kwangu, sahani yako itakuwa mezani.

Siyo kwa ajili yako. Mtoto ana njaa ya sahani mbili.

Lala.

Neema