Kibali cha Mkutano wa Machi

Alhamisi, 7 Februari 1991

Mkutano wa klabu yetu ya majadiliano leo, ukumbi wa kanisa, hapa Kitale. Mgeni alikuwa bwana afya wa manispaa, kutueleza mpango wa vyoo vipya sokoni. Nilimfuata ofisini mara tatu ndipo akakubali kuja. Alizungumza vizuri kiasi. Halafu Mwalimu Kimaiyo, mwenyekiti wetu, akamwomba Lenah atoe shukrani. Dakika mbili za asante na karibu tena, basi. Lakini Lenah ni Lenah! Akamgeuzia yule bwana maswali matatu ya adabu, watu wakacheka, wakapiga makofi kuliko walivyompigia mgeni. Mukhisa, jirani yangu wa kiti, akaniegemea. "Huyu mama ako na mdomo, bana."

Miaka sita mimi ni katibu wa programu. Natafuta wasemaji, naandika barua, napanga viti, nabeba chupa za chai. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina la kusema. Lenah ana miezi minane tu klabuni, tangu ahamishwe kutoka Tongaren aje kufundisha hapa. Namwonea wivu. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 23 Februari 1991

Bungoma, mkutano wa pamoja na klabu ya huko. Chakula kingi, ugali na kuku. Kila mara msemaji bora wa siku hupewa firigisi, ambayo kwa mila ni ya wanaume, na miaka yote msemaji huyo huwa mwanamume. Leo Bwana Wekoye, mwenyekiti wao, akasimama na sahani. "Leo firigisi inaenda kwa mama. Wazee, mtanisamehe!" Akaiweka mbele ya Lenah. Kelele, vigelegele! Wazee wawili walinuna, lakini walicheka mwishoni. Lenah akaikata vipande viwili, akanipa kimoja. Nilikila. Kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu.

Njiani kurudi Mwalimu akatangaza: mkutano wa Machi 21, msemaji ni Lenah. Mada — vibali vya kusafirisha mahindi.

Mada yangu! Niliileta Novemba. Mwalimu mwenyewe akaniambia, "Mama Kiplimo, hiyo ni moto, tuiache kwanza." Sasa imepoa kwa sababu Lenah ataishika? Na anachokijua kuhusu vizuizi vya barabarani alikitoa wapi? Kwangu! Krismasi, tukimenya viazi, nilimsimulia magunia manane niliyompelekea dada yangu Malakisi, kule walikopanda tumbaku shamba zima na hawana unga. Yalivyozuiwa kwa kukosa kibali, siku mbili, mvua juu yake. Mahindi yakaota ndani ya gunia. Alilia Lenah, kisu mkononi. Na sasa ndiyo hotuba yake.

Jumatatu, 4 Machi 1991

Mwalimu amenipa barua ya kuomba kibali cha mkutano, niipeleke kwa D.O., mkuu wa tarafa. Karani wa pale anataka ipokewe wiki mbili kabla, la sivyo hakuna mkutano. Watu kumi wakikaa pamoja bila hiyo karatasi, ni polisi. Kwa hiyo mwisho ni Alhamisi hii.

Nilifika. Karani alikuwa ameenda chai. Nilingoja kidogo, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 5 Machi 1991

Sikwenda. Mvua.

Mvua ilianza saa kumi jioni.

Alhamisi, 7 Machi 1991

Nimekutana na Mwalimu sokoni. Barua je? Nimepeleka, nikasema. Mdomo ulijibu wenyewe, sikuutuma.

Hebu tuone, ubaya uko wapi? Kibali hakitakuja. Mkutano utaahirishwa. Aprili, shule zikifungwa, Lenah ataenda kwao Tongaren, na mada itamrudia mwenyewe. Hakuna atakayeumia. Nimelala vizuri mchana wote, jambo ambalo silifanyi.

Jumapili, 17 Machi 1991

Lenah amekuja baada ya kanisa, na mkate na majani ya chai. Ati nimsomee hotuba yake, nimsahihishe. Nikaisoma nikitafuta kosa. Sikuona. Nikafika ukurasa wa nne: "Kisa hiki si changu. Ni cha Mama Kiplimo, na atawasimulia mwenyewe."

Nikamuuliza, hii ni nini?

"Si ni yako?" akasema. "Mimi nitaongea sheria tu. Wewe simama useme yale magunia. Nilimwambia Mwalimu tangu Bungoma, bila wewe siongei. Hakukuambia?"

Hakuniambia! Mzee yule husahau hata miwani iliyo usoni pake.

Alipoondoka nilikaa jikoni na mkate wake. Nilijichukia. Na hata hapo — niseme ukweli hapa — nilimwonea wivu tena, kwa wema wake.

Jumatatu, 18 Machi 1991

Saa mbili kamili kwa D.O., nimevaa nguo ya kanisa. Karani akaangalia tarehe ya barua, akaangalia kalenda. "Hii mlikuwa mmekalia, ama?" Nikamsihi. Nikamwita "mwanangu", nikamwita "bwana mkubwa". Akasema tumechelewa, hakuna kibali. Nikanyoosha mkono nirudishiwe barua. Akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili.

Nimefika nyumbani ndipo nimeelewa nilichofanya. Ningenyamaza, huenda wasingejua. Sasa wana siku, saa, ukumbi, mada, na jina la msemaji. Nimewapelekea mimi kwa mkono wangu.

Jumatano, 20 Machi 1991

Nilikwenda kwa Mwalimu kumwambia. Alikuwa anapiga pasi koti lake la kesho. Nikaomba maji, nikanywa, nikaaga.

Alhamisi, 21 Machi 1991

Naandika ukumbini, kiti cha nyuma, watafikiri ni kumbukumbu za mkutano. Watu zaidi ya hamsini! Wekoye ameleta watu wa Bungoma, wengine kutoka Matulo. Mwalimu aliniuliza mlangoni, kibali kiko? Kiko njiani, nikasema. Akanishika bega, ati bila mimi klabu hii ingekufa.

Lenah anazungumza. Hasomi. Anaongea nao tu. Wanatikisa vichwa. Mimi nisingeweza hivi, na najua.

Land Rover imesimama nje. Askari wanne na ofisa.

Lenah ameiona. Ameendelea. "Sasa mtamsikia mwenye kisa. Mama Kiplimo, simama." Amenyoosha mkono kuja huku nyuma. Shingo zote zimegeuka.

Mlango umefunguliwa. Ofisa amevua kofia, anauliza kwa upole kabisa msemaji wa leo ni nani.

Mkono wa Lenah bado umenielekea. Ofisa anaufuata kwa macho. Sasa Lenah anaushusha polepole, anaupeleka kifuani kwake. Anasema, ni mimi, afande.

Mwalimu ananiita kwa sauti, Mama Kiplimo, waonyeshe kibali.

Wote wananingoja. Nimeinama, naandika