Jina Ulilolipeleka Bunda

Mama,

Nakuandikia nikiwa hapa kibandani Mwisenge, nimekalia belo la mitumba ambalo sijalifungua. Wateja hakuna, mvua imewazuia majumbani. Na mimi nimechoka, Mama. Kazi haijanichosha, mikono yangu unaijua. Nimechoka kwa kukuwaza.

Jumapili baba mdogo wa mwanao Magesa anakuja kutoka Butiama kuchukua jibu. Magesa anataka kurudi nyumbani. Tangu nimtoe analala kwa mdogo wake kule Bweri, anasema amekoma. Watoto wananitazama usoni. Kanisani nako wananitazama. Lakini kabla sijamjibu mwanao, lazima niseme na wewe kwanza, maana ninyi wawili mmekaa rohoni mwangu mmeshikana mikono. Nikimgusa mmoja, wa pili anapiga kelele.

Wewe hujui nilivyojua. Ngoja nikuambie.

Ilikuwa siku ile ile tunakuzika. Baba mdogo alisimama kaburini akawa anawaita wajukuu mmoja mmoja watupe udongo. Akamwita Wambura wangu, akawaita wa shemeji, akamwita Neema. Halafu akasema, "Nyangeta, njoo umwage udongo kwa bibi yako."

Nikainua kichwa. Nyangeta ni jina la mama yako mzazi. Hakuna mtoto wa boma lile aliyekuwa nalo. Nilikuomba jina hilo Neema alipozaliwa, ukiwa umempakata, ukaniambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Hili jina halijataka kurudi." Nikaheshimu. Kwetu huku jina la marehemu halinunuliwi dukani, analitoa mwenye marehemu wake. Na mwenye Nyangeta ulikuwa wewe peke yako.

Akatoka msichana kwenye kundi la wanawake waliotoka Bunda. Gauni la maua, meno ya mbele hana. Nikapiga hesabu hapo hapo, udongo ungali mkononi. Mtoto aliyeng'oka meno ya mbele ana miaka sita, saba. Rudi nyuma saba, unakuta wakati ule pamba ililala kwenye maghala, matairi hayapatikani, dizeli hakuna, na Magesa akawa anasema kazini kwake Bunda malori yamekwama, hawezi kuja. Mimi nilikuwa Musoma kwenye foleni ya sabuni tangu alfajiri. Nikipata mche mmoja namkatia nusu namtumia, maskini, anaishi peke yake. Peke yake!

Hata hivyo moyo wa mtu hutafuta pa kutorokea. Nikasema labda ni mtoto wa ndugu. Jioni chakula kikapakuliwa. Magesa akapewa sahani yake, na yule mtoto akamwambia aliyepakua, kwa ile sauti ya mtu anayetoa msaada, "Baba hakulagi ugali uliopoa."

Mama, mtoto aliyeona mara moja angesema hakula. Hakulagi! Ile "gi" ndogo ndiyo iliyonimaliza. Ndani yake nilisikia sufuria, nikasikia asubuhi na jioni, nikasikia miaka.

Wenzangu walinicheka. "Mama Wambura, leo ndiyo unamshangaa mwanaume wa Mara? Mkaribishe mwenzio mgawane kuni!" Wifi yangu akasema nina kiburi cha mitumba, kwamba tangu ruksa ya biashara ije nikapata kibanda, najiona mzungu. Hawakunielewa. Magesa angeniambia ana mwingine ningegomba, ningelia siku zangu zikaisha, halafu ningezoea au ningeondoka. Ningekuwa nimechagua mwenyewe. Mlinichagulia ninyi, mkaniacha nacheka nanyi tunapokula, mimi peke yangu sijui tunacheka nini.

Baada ya matanga nikaharibika. Nikawa mtu wa kupekua mifuko. Mteja ninayemfahamu akinipa noti naigeuza juani. Neema akichelewa bombani namhoji kama polisi mpaka analia. Usingizi ulinihama, na chakula kilikuwa kama pamba mdomoni.

Kuna muuguzi mstaafu, Mama Mkunde, mtu wa Tanga. Ananunuaga kwangu nguo za wajukuu. Siku moja alinikuta nagombana na mteja kwa ajili ya kifungo. Akangoja watu watawanyike, akasema kwa ule upole wao, "Bibie, njoo Alhamisi Buhare, kile chumba nyuma ya kanisa. Uje utue." Ushauri nasaha, ndivyo wanavyouita. Nilidhani ni mahubiri.

Watu wa huku unawajua. Anayeingia chumba kile wanasema tayari, ana ule ugonjwa. Nikasikia nyuma yangu njiani, "Kumbe na huyu!" Nikageuka. Nikawaambia, "Nimepima, sina. Nyie mmepima?" Wakaikumbuka safari yao haraka sana.

Siku ya kwanza nilikwenda na hesabu kamili: miaka, safari, visingizio vya kila mwisho wa mwezi. Nikamwaga yote kama wakili. Mama Mkunde akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na leo umekula nini?" Nililia kwa swali lile kuliko nilivyolia kwa Magesa. Tangu tukuzike hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Hakuniambia nisamehe, na hakuniambia nivumilie kama wanawake wengine. Alinifundisha vitu vidogo. Moyo ukianza kukimbia nikae chini, nishike kilicho karibu, nikitaje. Koti. Zipu. Kifungo. Niendelee hivyo mpaka nirudi nilipo. Niliona ni mchezo wa watoto, nikafanya kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubisha. Inasaidia. Siyo kila mara.

Siku nyingine nikamwambia ndoa ni kama belo tu, unalipa kwanza ndipo unafungua, na ukikuta matambara hakuna wa kumrudishia. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu akaniuliza, "Na ukikuta matambara unafanyaje?" Nikasema nachambua, hakuna belo la matambara matupu. "Haya," akasema, "chambua."

Magesa nilimchambua upesi. Uliyenishinda ni wewe, Mama. Mama yangu mzazi alikufa sijajua hata kusonga ugali. Wewe ndiye uliyenionyesha kupepeta ulezi bila kuumwagia kuku. Nilipojifungua Neema ulikuja Musoma ukanikanda kwa maji ya moto, nami nikipiga kelele unasema, "Nyamaza, utayatisha maji." Nitamweka wapi mtu wa namna hii? Nikitaka kukuchukia nasikia maji ya moto mgongoni. Nikitaka kukulilia nasikia lile jina. Mama Mkunde aliniambia, "Una msiba na una hasira, kwa mtu mmoja. Nani alikukataza kuwa na vyote viwili?" Hakuna aliyenikataza. Ila hakuna aliyeniambia inawezekana.

Mwezi uliopita akamwita Magesa. Alikuja, kofia mkononi, amekonda kidogo. Mama Mkunde aliniambia niulize lile ninaloliogopa zaidi. Habari za yule mwanamke sikuuliza. Niliuliza, "Mama alijua?"

Akatazama sakafu. Akasema ulijua tangu mimba. Akasema uligomba naye sana, ukamwita mpumbavu, halafu ukamwambia, "Yule wa Musoma ana mikono yake, atasimama. Huyu wa Bunda hana kitu. Mtoto nitampa jina."

Kumbe kosa langu lilikuwa kuweza. Ningekaa nikalia njaa, pengine mngenihurumia mkaniambia ukweli. Niliuza maandazi, nikauza dagaa, nikafika kwenye mitumba bila kumsumbua mtu, nanyi mkanitazama mkasema huyu atabeba. Mwenye nguvu mnamtwisha, na kilichomo ndani ya mzigo hamumwambii.

Kuna asubuhi naamka nikiona ulikuwa na huruma: mtoto hana kitu, ukampa kikubwa kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Kuna asubuhi nyingine natamani nikufukue nikuulize. Mtoto mwenyewe hana kosa. Alikuja na Magesa juzi, nikampa uji, akanywa akashukuru vizuri. Kumwita kwa jina lake bado sijaweza. Nilimwita "mama" tu, kama tunavyowaita wasichana wadogo. Mama Mkunde anasema nisijikimbize.

Sasa jibu. Siku ile ile Buhare, Mama Mkunde alimuuliza Magesa kama angekuja kuniambia mwenyewe, kama wewe ungekuwa bado hai. Akajibu, "Hapana." Namshukuru kwa ukweli huo. Ndio uliokata shauri. Mimi siwezi kulala na mtu ambaye lazima nisubiri msiba ndipo nipate habari zake.

Kwa hiyo Jumapili nitamwambia baba mdogo: Magesa asirudi. Watoto wake aje awaone mchana, mlango wazi, na chakula nitampa. Baba mdogo ataanza habari za ng'ombe waliotolewa, najua, anaanzaga hapo. Nitamwambia wajukuu wenu hawa hapa na mimi boma silikimbii. Nabaki kuwa mkamwana wako. Niliyemwacha ni mume tu. Watasema nimefundishwa na mtu wa Tanga. Waseme. Naogopa kidogo kukaa peke yangu, hilo sikufichi, lakini nalala usingizi sasa, na kile ninachokula nakisikia ladha.

Na wewe? Nimekusamehe kama nusu, Mama. Nusu nyingine ipo, sijaipata ilipo, na sitakudanganya kwamba nimeipata.

Mvua zikiisha tunakuja kukujengea kaburi. Wambura amepata saruji, mawe yameshasombwa. Wengine wakienda kunywa uji mimi nitabaki hapo, nikugombeze kwa sauti, neno moja baada ya jingine, mambo ambayo ungekuwa hai nisingethubutu kuyainulia mdomo. Majirani wakisikia shauri yao. Naahidi nitakuja kila mavuno mpaka maneno yaniishe. Na yakiniisha nitakuja vile vile, nikae na wewe kimya.

Lala, Mama. Udongo usikuelemee.

Mkamwana wako,
Mama Wambura