Kashata za Kuchongwa

Baba, shikamoo. Huku Temeke lami inachoma hadi ndani ya viatu, na wingu jeusi limetanda tangu asubuhi bila kuangusha tone.

Nilikwenda kutafuta tairi za mbele za lori. Muuzaji akanionyesha moja inayong'aa kama imepakwa mafuta. "Mpya hii, braza. Cheki kashata zilivyo nene! Hata mvua ikinyesha haitelezi." Mie mtu akisifia mali kabla sijauliza, namtilia shaka. Nikapitisha kidole kwenye mifereji ya hizo kashata, yaani meno ya tairi, nikakuta mikwaruzo mifupi mifupi, kama ile ya miguuni pa vinyago vyako. Ni ya kisu, Baba! Tairi ilishakuwa kipara, wakaichonga upya mpaka raba ikabaki nyembamba. Kwa joto hili ingepasuka kabla sijafika Mkuranga.

"Kwani wewe fundi tairi?" akaniuliza.

"Hapana. Mtoto wa mchongaji."

Akaifunika turubai.

Nikarudi kwenye lori, nikazipapasa na zile za nyuma alizotuletea mkweo Saidi akiapa ni mpya. Nazo zimechongwa. Nazing'oa leo hii, lakini hilo usimwambie. Mwambie tu nikifika nitampa kiti cha mbele, tuteremke naye mlima wa Newala mvua ikinyesha. Akikataa, basi alijua.

Mungu aitunze mikono yako, Baba. Leo imeniokoa ikiwa huko huko nyumbani.

Mwanao, Hamisi