Gari Lililovutwa Kutoka Masalani

Waberi, Garissa

Kwako Baba mpendwa,

Hamjambo hapo nyumbani? Magoti yako yanaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyompa mwalimu akuletee ilifika? Mama bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho imechafuka. Nimechukizwa, Baba, kiasi kwamba wiki hii hata chakula kinanishinda. Nakuandikia wewe kwa sababu umekuwa dereva maisha yako yote, na utanielewa haraka.

Unajua naendesha ambulensi ya kliniki ya mtu binafsi hapa mjini. Sikukwambia kuwa ni otomatiki, maana nilijua utacheka. Wewe ulinifundisha kwa lori, klachi nzito mpaka nyonga ikauma, na ulisema gari lisilo na klachi ni la wavivu. Basi mimi mvivu wako nimelizoea na nimejifunza kuliheshimu. Unakanyaga breki kwanza, ndipo mkono wa gia unakubali kutoka kwenye P ya kuegesha. Ukiweka D linapanda gia lenyewe. Kwenye mchanga wa huku unalishusha mpaka L, lisibadilishe gia ovyo likachemsha mafuta yake. Ukitaka R ya kurudi nyuma, unasimama kabisa kwanza. Na ndani ya giaboksi kazi kubwa inafanywa na hayo mafuta: kuna pampu inayazungusha, na pampu yenyewe inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu nayo imelala.

Msimamizi wetu, Bwana Kefa, hayo hataki kuyasikia. Ni mtu wa "daun" kama mimi, ndivyo wenyeji wanavyotuita sisi tuliotoka bara, kwa hiyo siwezi hata kujifariji kwamba ni tabia za wageni. Kwake otomatiki ni gari ambalo halihitaji mtu kujua kitu. Na anavyoliendesha! Mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta. Analitia P kabla halijasimama, linalia krrr, naye anafungua mlango akitabasamu. Kwenye mteremko anaweka N, gari lisishike gia yoyote, eti anaokoa petroli.

Majuzi tuliitwa Masalani kumchukua mama mjamzito, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nilikuwa na muuguzi wetu, Fardosa. Kefa akapanda mbele akisema ana shughuli kidogo huko. Baba, shughuli yenyewe ilikuwa matikiti maji. Aliyapanga ndani ya ambulensi, chini ya kitanda cha mgonjwa na pembeni, mpaka Fardosa akakosa pa kuweka miguu. Yule mama analia uchungu, na kila tukiingia shimoni tikiti linabingirika kumgonga muuguzi. Nilimwambia Kefa hii ni aibu. Akanijibu niangalie barabara.

Katikati ya safari mkanda wa injini ulikatika na gari likazima pale pale. Huku hakuna anayempita mtu aliyekwama. Kabla sijafungua mlango, wachungaji wa ngamia walikuwa wameshaweka mabega nyuma ya gari. Mmoja akaniita dada kwa Kisomali, na kila "p" yake ikitoka "b", kama wasemavyo wengi huku:

"Abaayo, weka gia ya bili! Sisi tunasukuma, halafu achilia klachi!"

Nikawaambia hili haliwashwi kwa kusukumwa, na klachi halina. Mzee wao akaja kuchungulia pedali.

"Klachi imeenda wabi?"

"Haikuwekwa, mzee."

"Wallahi, mliuziwa nusu gari."

Nilicheka, na siku ile sikucheka tena. Haukupita muda pikapu ikatokea, tukamhamishia mgonjwa humo, Fardosa akaondoka naye. Baadaye alinipigia: yule mama amepasuliwa salama, mtoto ni msichana, wote wazima. Kwa hiyo, Baba, elewa vizuri: yaliyofuata hayakuwa na haraka yoyote ya kuokoa mtu.

Lori la mbuzi likasimama, dereva akatoa kamba. Nikamwambia Kefa anipe dakika ishirini tu. Spana ninazo, nifungue ile propela shafti, magurudumu yazunguke bila kuzungusha giaboksi. Tukilivuta hivi hivi huku injini imezima, gia zitajisaga kavu mpaka Garissa. Alitazama matikiti yake, si mimi.

"Yataoza kwa jua hili. Weka N. N ni fri. Wewe dada unapenda kufanya kitu kidogo kiwe kikubwa."

Watu wa lori walikuwa wanasikiliza. Nikaona haya. Nikaweka N, nikashika usukani, tukavutwa. Tulipofika kwenye lami Kefa, aliyeketi kando yangu, alimpigia dereva wa lori simu aongeze mwendo. Nilianza kusikia harufu ya kuungua chini ya miguu yangu, na sikupiga hata honi.

Fundi wetu, Hussein, alifunga mkanda mpya na injini ikaitika vizuri. Akaweka D, gari halisogei. Akaweka R, vilevile. Siku iliyofuata Kefa akaniletea ripoti aliyokwisha kuiandika: dereva aliingiza R gari likienda mbele, giaboksi ikavunjika kwa uzembe wake.

"Tia sahihi tu, mambo yaishe," akasema, akinipa kalamu.

Mambo yaishe! Ningetia sahihi ile, ningefukuzwa, na hapa mjini nani tena angemkabidhi mwanamke gari? Mimi ni dereva wa kwanza wa kike katika kliniki hii, na ningekuwa wa mwisho. Nilimrudishia kalamu yake.

Tukaitwa kwa mwenye kliniki, Daktari Halima. Hussein alikuja na sufuria yenye mafuta ya giaboksi. Yanapaswa kuwa mekundu, Baba. Yalikuwa meusi kama lami.

"Daktari, nusa," akasema. "Ukiingiza rifas, hiyo R, ukienda mbele, inafunjika kitu moja. Hii imeungua yote. Ilikokotwa injini ikiwa imezima. Bambu imelala, mafuta haibandi."

Kefa hakuona haya. Akaninyooshea kidole. "Lakini ni yeye aliyekuwa kwenye usukani."

Katika yote yaliyotoka mdomoni mwake, hilo ndilo neno pekee la kweli.

Daktari akanigeukia. "Ulijua itaharibika?"

"Nilijua."

"Na ukakaa?"

"Nilimwambia mara moja. Halafu nikakaa."

Alichana ripoti ya Kefa mbele yetu, na akamwambia asiguse tena ufunguo wa ambulensi. Nilidhani mimi nimepona. Kisha akasema, polepole, "Leo ni gari. Siku utakayoona muuguzi anachanganya dawa, utamwambia mara moja, halafu ukae?"

Akanipa karatasi niandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Kazi ninayo bado, lakini usinipongeze. Kefa ananichukiza, ndiyo, ila ninayemwona nikifumba macho si Kefa. Ni mimi, nimeketi pale na mikono kwenye usukani, nikinusa ile harufu.

Nisalimie Mama sana, amalize dawa yake ya kifua. Msalimie shangazi Rosa anayetufumia sweta, ingawa kwa joto la huku yangu nimeifanya mto. Msalimie pia jirani yetu fundi wa baiskeli. Na kaka yangu Wafula, nasikia umeanza kumfundisha kuendesha. Mambo ya klachi na gia utamwonyesha wewe, huna mpinzani. Langu kwake ni moja tu: siku akiambiwa akalie usukani wa gari analojua linaharibiwa, ashuke. Wamcheke, wamwite mkaidi, yeye ashuke tu asimame barabarani. Mimi sikushuka.

Ni mimi binti yako,
Nekesa